Naipenda fizikia ila raha yangu ni kuielezea, hii ni kazi kweli?

kijana_kiboriloni:
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza form six PCM (fizikia, kemia, hesabu), niko nyumbani Moshi nasubiri chuo. Fizikia naipenda toka form two ila nimegundua raha yangu kubwa ni pale mtu anauliza "kwa nini" namwelezea mpaka naona kaelewa. Juzi mamdogo kaja toka Arusha analalamika kule maharage yanamaliza mkaa kuliko huku, nikamwambia mamdogo Arusha iko juu, kama mita 1,400, hewa inayokandamiza maji ni pungufu kwa hiyo yanachemka kwenye digrii 95 hivi, wakati hapa Moshi ni kama 97 na pwani ndo 100, sasa ukizidisha mkaa unazidisha mvuke tu, joto halipandi. Akanyamaza, akasema kumbe ndo maana presha kuka inawahi! Hata sikuwa nimefika huko, kafika mwenyewe. Nilifurahi siku nzima. Mzee anataka niwe injinia. Kuna mtu anaishi kwa kazi ya kuelezea sayansi hapa kwetu?

Mwl_Sakina:
Mdogo wangu soma fizikia yenyewe kwanza, hesabu usizikimbie, maana ukielezea usichokijua unapotosha watu. Halafu hapo juu yako, chuo cha wanyamapori Mweka, alikuja kusoma Erasto Mpemba, yule ambaye 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari aliweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto kwenye friji yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, wenzake wakamcheka, hakuacha kuuliza mpaka akampata Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, yeye akaenda kujaribu kweli, na 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya hilo swali. Mimi kila mwaka naanza kidato cha kwanza na hiyo stori.

dada_wa_redio:
Ipo mdogo wangu, ila tangazo la kazi lenye jina hilo hutaliona. Utakuta afisa mawasiliano kwenye taasisi ya utafiti, mtayarishaji wa vipindi, mwandishi wa afya na mazingira. Mwanzoni hailipi, mimi nilifundisha tuisheni miaka miwili huku najitolea redioni Arusha. Siku ya kwanza nikasema hewani "kanieneo" (yaani presha), msikilizaji akapiga simu, dada hiyo ni dawa ya nini? Niliumia, maana alikuwa anasikiliza kwa makini kabisa na mimi ndo niliyemwacha njiani. Toka siku hiyo kila script namsomea kwanza mama anayeuza ndizi nje ya ofisi.

mgumu_wa_mlima:
Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Kibo Hut, kambi ya juu kabla ya kilele, maji yanatokota vizuri tu ila chai haikolei, leo ndo nimejua sababu, asante sana. Sasa nijibu na hili, wageni huwa wanauliza: juu si ndo karibu na jua, mbona baridi?

kijana_kiboriloni:
Kaka jua liko kilomita milioni 150, sisi tukipanda mpaka kilele cha Uhuru hatujafikisha hata 6, hapo hujalisogelea. Kinachopasha hewa hasa ni ardhi, na hewa ikipanda inatanuka na kupoa, kwa wastani kama digrii 6 kila kilomita moja. Subiri, hii narekodi kwa simu kesho asubuhi mlima ukiwa wazi.

mgumu_wa_mlima:
Irushe hapa kabla ya Jumatano, napanda na kundi.

dada_wa_redio:
Na mimi niitumie. Dakika 3, zisizidi.