Mjadala: Kanuni ya tatu ya nadharia ya seli ni ya Virchow au ya Remak?

Mleta mada

Wadau, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja darasani. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo naliweka mezani.

Karibu kila daftari la wanafunzi wetu lina mistari hii mitatu: viumbe hai vyote vimejengwa kwa seli, seli ndiyo msingi wa uhai, kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia. Chini yake wanaandika Schleiden 1838, Schwann 1839, Virchow 1855. Mtoto anakariri, anapata alama zake, anafunga ukurasa. Mimi nasema mstari wa tatu tumeupa jina lisilo lake. Tena hao wawili wa mwanzo, ambao tunawaita waasisi, walikuwa wakiamini kinyume kabisa cha mstari huo.

Schleiden, mtaalamu wa mimea, alifundisha kwamba kiini hujiunda chenyewe kutokana na chembechembe zilizomo katika ute, kisha seli changa huchomoza juu yake kama kioo cha saa kinavyokaa juu ya saa. Schwann alilipeleka wazo hilo kwa wanyama, na akafananisha kuzaliwa kwa seli na fuwele zinavyojitenga katika maji ya chumvi. Yaani kwao seli ingeweza kutokea mahali ambapo hapakuwa na seli. Leo tunaandika majina yao juu ya kanuni inayosema hilo haliwezekani, na hatumwambii mtoto chochote.

Aliyelikataa hilo kwa ushahidi ni Robert Remak, Myahudi aliyezaliwa Posen (leo Poznań, Poland) mwaka 1815 na kufanya kazi Berlin. Mwaka 1841 aliona chembe nyekundu za damu za kifaranga kilichomo ndani ya yai zikigawanyika mbili mbili. Hakukimbilia kutangaza sheria. Aliendelea kuchunguza, akayafuata mayai ya chura tangu mgawanyiko wa kwanza, na mwaka 1852 akachapisha makala akisema wazi kwamba seli za wanyama huongezeka kwa kugawanyika, na kwamba habari ya seli kuzuka nje ya seli haina tofauti na habari ya viumbe kuzuka vyenyewe bila wazazi. Miaka mitatu baadaye, 1855, Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani, akaandika maneno yake ya Kilatini, kwamba kila seli hutoka katika seli. Jina la Remak hakulitaja. Na Virchow mwenyewe miaka ya nyuma alikuwa upande wa Schwann.

Kwa nini Remak amesahaulika? Sehemu ya jibu inauma. Prussia, dola la Kijerumani la wakati ule, haikumpa Myahudi cheo cha profesa kamili mpaka abatizwe, na Remak alikataa kubatizwa. Mwaka 1847, kwa ruhusa maalumu ya mfalme, akawa Myahudi wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin, kwa daraja la chini tu. Cheo cha profesa msaidizi alikipata 1859. Alifariki 1865. Mtu asiye na kiti chuoni hana wanafunzi wengi wa kulibeba jina lake.

Hoja yangu ndiyo hiyo: jina la Remak liingie vitabuni na ubaoni kwenye mstari wa tatu, na watoto waambiwe Schleiden na Schwann walikosea wapi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza (daktari)

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Tarehe zako ni sahihi, sikatai. Ila nina mashaka na hitimisho.

Remak alikuwa mtu wa viinitete, yaani viumbe vinavyoanza kujengeka ndani ya yai au tumbo. Aliona mgawanyiko kwenye kifaranga na kwenye chura, akasema. Virchow aliuliza swali jingine: mgonjwa akiugua, kinachougua ni kitu gani? Wakati huo bado kulikuwa na madaktari waliotafuta chanzo cha ugonjwa katika mchanganyiko wa majimaji ya mwili. Mwaka 1858 alikusanya mihadhara 20 aliyoitoa Berlin, akaifanya kitabu, na ndani yake akaonyesha kwamba uvimbe, usaha na saratani ni habari za seli za mwili wenyewe. Huyo ndiye aliyeiingiza nadharia wodini. Mimi kila ninapotuma kipande cha nyama maabara kikaangaliwe kama kuna saratani, natembea katika njia aliyoifyeka Virchow.

Kwa hiyo nauliza: wazo ni la nani, la aliyeliona kwanza au la aliyelifanya likafanya kazi? Ukisema la aliyeliona kwanza, basi hata Remak hayuko salama. Dumortier, mtaalamu wa mimea, aliandika habari za seli za mimea kugawanyika mwaka 1832, na mwenzake von Mohl akafuata 1835. Tutaishia wapi?

Na Schwann usimvue nguo zote. Alitazama notokodi ya kiluwiluwi, ule ugwe wa mgongoni unaotangulia pingili za mgongo, akaona seli zenye kuta zilizobanana kama za mmea, akathubutu kusema mnyama na mmea vimejengwa kwa tofali la aina moja. Alikosea jinsi tofali linavyofyatuliwa, lakini tofali lenyewe aliliona.

Mleta mada

Daktari, nashukuru kwa kujibu kwa hoja. Nakubali kuhusu Schwann, na hapo nilikuwa mkali kupita kiasi. Mstari wa kwanza ni wake kwa haki, na hadithi ya kiluwiluwi nitaichukua darasani.

Kuhusu Dumortier na von Mohl, wao walieleza wanachokiona kwenye mimea fulani. Hawakusema kwamba hii ndiyo njia ya seli kuzaliwa na kwamba ile nyingine haipo. Remak alisema, na alisema kuhusu wanyama, mahali ambapo neno la Schwann lilikuwa na nguvu. Ndiyo tofauti ninayoitazama.

Na Virchow simnyang'anyi kitu. Patholojia ya seli, yaani elimu ya magonjwa kupitia seli, ni yake yote. Lakini darasani hatumfundishi kama baba wa patholojia. Tunasema yeye ndiye *aliyegundua* kwamba seli hutoka kwenye seli. Neno hilo moja ndilo ninalolipinga.

Mchangiaji wa pili (fundi maabara)

Naona mnabishana kuhusu maprofesa tu. Niwarudishe kwenye hadubini, maana mimi ndiyo mkate wangu.

Robert Hooke alikata kizibo kwa kisu chenye makali, akaona vyumba, akaviita seli katika kitabu chake cha 1665. Akapiga hesabu kwamba inchi moja ya ujazo ya kizibo ina vyumba zaidi ya milioni 1,200. Baada ya hapo, mpaka 1838, ni miaka 173. Mbona nadharia ilichelewa hivyo? Watu hawakuwa wajinga. Hadubini za lenzi mbili za zamani zilizungushia kila kitu rangi za upinde wa mvua, na ukikuza zaidi picha inafifia. Leeuwenhoek kule Delft, muuza vitambaa, alilikwepa tatizo hilo kwa lenzi moja ndogo kama punje. Mojawapo ya zilizobaki inakuza takriban mara 270. Aliona vijidudu vya majini mwaka 1674, na baadaye bakteria kwenye utando wa meno. Lakini mbinu yake bora aliificha mpaka kufa kwake, 1723.

Mlango ulifunguka pale rangi zile zilipodhibitiwa. Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, mwaka 1830 alichapisha jinsi ya kupanga lenzi ili picha isichafuke. Mwaka uliofuata Robert Brown akakitambulisha kiini kwenye seli za okidi, ingawa yeye alikuwa na lenzi moja tu, mtu mwenye jicho la pekee. Ukichukua lenzi nzuri ukaziweka mikononi mwa watu wengi wa Ujerumani kwa pamoja, lazima nadharia itoke, awe Schwann au mwingine. Mimi ningemuweka Lister kwenye orodha kabla hamjaanza kugombania mstari wa tatu.

Halafu tuache kuwafundisha watoto kwamba Zacharias Janssen, fundi wa miwani wa Uholanzi, aligundua hadubini mwaka 1590 kana kwamba kuna hati. Madai hayo yalitolewa mwaka 1655, na mmoja wa waliotoa ushahidi ni mwanawe. Hiyo 1590 Zacharias mwenyewe alikuwa mtoto mdogo.

Mchangiaji wa tatu (mzazi)

Mwalimu, mimi nauliza swali dogo. Binti yangu ana mtihani wa taifa mwaka huu. Akiandika Remak na msahihishaji ana Virchow kwenye karatasi yake ya majibu, nani atamrudishia alama yake?

Mleta mada

Mzazi, swali lako si dogo, ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye mtihani aandike Virchow. Sitamtuma mtoto wa mtu vitani kwa ajili ya hoja yangu. Ndiyo maana naomba mabadiliko yaanzie kwenye vitabu na mwongozo wa kusahihisha, yasianzie kwenye karatasi ya mtoto.

Fundi, umenigusa. Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na hadubini moja, ya kioo cha chini cha kukamatia mwanga wa jua, na lenzi yake kubwa ilikuwa imeota ukungu. Tulikuwa tunabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, tone la iodini, kioo cha kufunikia, kisha wanafunzi 60 wanapanga foleni. Siku moja kijana akanichorea kiini kikubwa cha duara chenye ukingo mweusi mzito. Nikainama nikatazama: ilikuwa ni kiputo cha hewa. Sikumkata alama. Hata kwa lenzi bora kuliko ile, Schleiden alitazama seli akaona kiini kinajiumba. Namwelewa zaidi sasa kuliko nilipoanza kuandika uzi huu.

Lister nitamtaja. Janssen namwondoa na ile 1590 yake. Daktari, kwenye mstari wa tatu bado hatujakubaliana, ila nimepata namna ya kuuandika ubaoni Jumatatu: Remak 1852, seli za wanyama hugawanyika, Virchow 1855, na ugonjwa pia. Kama una namna nyingine iliyo fupi hivyo na isiyomwondoa yeyote kati yao, nakusubiri.

Mchangiaji wa kwanza (daktari)

Ongeza na Remak 1841, chembe za damu ya kifaranga. Nimelala na kuamka nayo. Kama aliziona miaka 14 kabla ya Virchow, watoto waione hiyo miaka 14.