Niliomba habari za mkataba wa vioski vya maji, nikapewa nambari ya lalamiko. Sasa ati "limefungwa"

Wadau, nina hasira na sitaificha. Anayeona maneno yangu makali apite tu, uzi huu si wake.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Likoni, Mombasa. Mtaani kwetu palijengwa vioski vitatu vya maji vya umma. Vimeezekwa mabati ya buluu, vimetiwa mifereji, na bango likasimamishwa. Maji hayajatoka hata siku moja. Kile kilicho karibu na kibanda changu kufuli imeshika kutu, mlango umeng'oka bawaba moja, na ndani analala mbuzi wa jirani na wanawe wawili. Sisi twanunua mitungi ya lita 20 kwa watu wa mikokoteni, na bei wanapanga wao. Nikasema sitapiga kelele barazani kila jioni kama wengine. Nitaandika barua.

Tarehe 3 Februari nikavuka feri na barua yangu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Niliuliza mambo matatu: nani alipewa kandarasi, kwa pesa ngapi, na hadi leo amelipwa kiasi gani. Ofisi yenyewe siitaji, ni ya umma na inakula kodi yetu, hilo latosha.

Kijana wa kaunta alisoma mstari wa kwanza akaniangalia.

"Mama, hii ungeiandika kwa Kizungu."

"Mwanangu, sheria yasema Kizungu au Kiswahili."

Akanyamaza kidogo. "Na hizi habari wazitakia nini?"

Hapo nikajua hajawahi kuisoma sheria anayoisimamia. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016, kifungu cha 4, yasema haki yako haiathiriwi na sababu uliyoitoa, wala na kile ofisi inachodhani ndicho kilichokuleta. Nikamjibu, "Nazitaka nijue." Akanigongea muhuri kwenye nakala yangu. Muhuri ulikaa upande na wino ulikuwa hafifu, lakini tarehe yasomeka. Nakala ile nimeitia katika plastiki ya kuwekea vipande vya lesi, na hadi leo ndicho kitu pekee cha maana nilichotoka nacho katika ofisi ile.

Sasa sikilizeni mahesabu, maana hapa ndipo nilipochezewa. Sheria inampa afisa siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Akihitaji muda zaidi anaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, na lazima akuarifu. Kama habari haiko kwake, ana siku 5 za kuipeleka barua yako kwa ofisi inayohusika, si kukwambia "hiyo si yetu" halafu akaendelea na chai. Siku 21 zangu zilikwisha tarehe 24 Februari. Sikupigiwa simu, sikutumiwa barua wala ujumbe.

Nikarudi. Safari hii nikaelekezwa dawati la malalamiko. Ukutani juu ya dawati pametundikwa bango la mkataba wa huduma kwa wananchi, limetiwa fremu na kioo, na mojawapo ya ahadi zake ni kujibu barua. Dada aliyekuwepo alinipokea vizuri, nasema haki, akanipa kiti na fomu. Jioni simu ikalia, ujumbe: mpendwa mteja, lalamiko lako limepokelewa, nambari yako ni hii. Mimi mjinga nikafurahi. Nikamwonyesha shoga yangu, "Waona? Tumefika mahali."

Machi yote ikapita. Kila nikipiga simu naambiwa, "Mama, linashughulikiwa, vuta subira." Katikati ya mwezi kuna bwana akanipigia akitaka nimpe alama, kutoka moja hadi tano, nilivyohudumiwa. Nikamuuliza alama za huduma gani. Akasema za kupokelewa kwa lalamiko. Nikamwambia hilo la kupokelewa, tano. Nadhani aliiandika ile tano akakata simu, mengine hakutaka.

Tarehe 8 Aprili ikaja barua, na hiyo ni kwa Kizungu. Lalamiko limepelekwa kwa idara husika na kwa hivyo limeshughulikiwa na kufungwa. Idara husika ni ipi? Ni ile ile iliyonyamaza Februari. Na aliyetia sahihi ni nani? Ni afisa yule yule ambaye barua yangu ya kwanza ilipelekwa mezani kwake! Kisheria afisa wa habari ni mkuu wa taasisi mwenyewe, na anaruhusiwa kumkasimu mwingine kazi hiyo. Huyu amekasimiwa habari, na yaonekana amekasimiwa na malalamiko ya wanaonyimwa habari. Kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na ngedere ameifunga.

Mteja wangu akija kudai gauni lililopita siku, siwezi kuandika daftarini "amelalamika, amesikizwa, imekwisha" na kitambaa bado kipo kwenye mfuko. Atanivunjia kioo cha kibanda, na watu watasema ana haki.

Kwa nini wana haraka ya kufunga? Kwa miaka mingi taasisi za umma zina kipengele cha kushughulikia malalamiko ndani ya mikataba yao ya utendakazi, ile wanayopimiwa nayo kazi, na kila robo mwaka zinaripoti zimepokea mangapi na zimetatua mangapi. Kipengele kizuri, waliokitunga walitaka tusikizwe. Lakini mwenye kuandika "limetatuliwa" ni mwenye kulalamikiwa. Sijauona mkataba wa ofisi hii wala ripoti yake, haya ni maoni yangu mimi mshona nguo: lalamiko langu lilikuwa na thamani kwao pindi tu lilipofungwa. Mkataba wa vioski ungewaletea maswali. Barua ya kufunga inawaletea alama.

Na lililoniuma zaidi nilikuja kulijua nimeshachelewa. Kifungu cha 9 chasema usipojibiwa katika muda uliowekwa, ombi lako linahesabiwa kuwa limekataliwa. Limekataliwa! Siyo "linashughulikiwa", siyo "vuta subira". Tarehe 24 Februari mimi nilikuwa nimeshanyimwa kisheria, na kuanzia hapo njia ya kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, hawa tunaowaita Ombudsman, wanaopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ilikuwa wazi, bila kupitia dawati lolote. Tume ina uwezo wa kumwita afisa ajieleze na kuamuru habari itolewe, na amri hiyo yaweza kupelekwa Mahakama Kuu ikatekelezwa. Lakini ombi la kuitaka Tume iuchunguze upya uamuzi wa kukunyima lina siku 30. Hesabuni toka 24 Februari: zilikwisha 26 Machi. Mimi Machi nzima nilikuwa nashikilia nambari ya lalamiko kama tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Siku 30 zenyewe zaanza siku ulipoarifiwa uamuzi, na mimi kimya hakikuniarifu kitu, kwa hivyo hapo nina la kujitetea. Tena Tume inaweza kuongeza muda ikiona sababu. Lakini mbona mimi ndiye nijieleze kwa nini nimechelewa, na aliyekaa juu ya barua hajaambiwa ajieleze?

Na mawili kati ya yale matatu niliyouliza hayakuhitaji hata barua! Kifungu cha 5 kinaitaka ofisi ya umma ikishatia sahihi mkataba ichapishe katika tovuti yake au kwa njia nyingine ifaayo kazi yenyewe ni ipi, ni kiasi gani cha pesa, mkandarasi ni nani na kazi itaisha lini. Nimeingia kwenye tovuti yao. Kuna picha za mkurugenzi akipanda mti. Mti mmoja, picha kumi na moja, nimezihesabu.

Kuna watakaosema ni tatizo la mshona nguo asiyejua watu. Haya, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo ni watu wanaojua watu. Waliomba mikataba ya reli ya SGR, hii inayopita mlangoni petu hapa Mombasa, wakanyimwa. Ikabidi waende Mahakama Kuu, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, ndipo akaweka hadharani baadhi ya karatasi za mkopo wa reli hiyo. Baadhi! Hao ni watetezi wenye mashirika na mawakili nyuma yao. Mimi nina cherehani mbili, na moja imekatika mkanda.

Kwa mwenye ombi lake sasa hivi: pelekeni nakala mbili na mtake muhuri, na siku ya 22 ikifika hamna jibu, andikieni Tume siku hiyo hiyo. Dawati la ndani ukitaka lipitie, lipitie huku barua ya Tume imeshatoka. Msilipe chochote cha kupeleka ombi, sheria imekataza, gharama ni ya kutoa nakala tu. Na ukipigiwa simu ya kutoa alama, usiwape tano kama mimi.

Barua yangu ya Tume nimeiandika jana usiku, nimeambatisha ile nakala ya muhuri uliokaa upande, ujumbe wa simu na hiyo barua ya kufunga, na nimeomba niongezewe muda. Swali langu kwenu: kuna yeyote hapa aliyewahi kuomba muda wa ziada baada ya siku 30 akakubaliwa? Ulitoa sababu gani, na ulisubiri siku ngapi? Nijibuni kabla ya Alhamisi, ndiyo siku nitakayovuka.