Tumechimba karo Mji Mkongwe, tumekuta ukuta chini. Naomba ushauri

Wakuu, salaam. Nyumba ya marehemu bibi iko Mji Mkongwe, Unguja. Juzi fundi alikuwa anachimba karo uani, kama futi sita hivi sururu ikagonga ukuta wa mawe na chokaa, unaingia chini ya nyumba ya jirani. Pembeni yake vigae vya vyombo: vyeupe, vina maua ya buluu, na kimoja bado kina ukingo wa bakuli.

Jirani anaapa ni njia ya siri ya watumwa. Mie siamini, kwetu kila shimo ni la watumwa! Nahisi ni birika la kuhifadhia maji au msingi wa nyumba ya zamani. Hata Ngome Kongwe imejengwa juu ya kanisa la Wareno.

Fundi anataka kuuvunja kesho. Nimemzuia, ila anadai posho yake ya siku.

Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000, najua sheria zipo. Nikiripoti, nianzie Mamlaka ya Mji Mkongwe au watu wa makumbusho? Ujenzi utasimama muda gani? Na shimo nilifunike na nini, mvua hizi?