Don Williams: albamu ipi ya studio unaiweka juu ya zote?

Mzee wa Kaseti

Wakuu, salaam. Wengi wetu tumemjua Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kupitia kaseti za mikusanyo, nyimbo za miaka tofauti zimechanganywa bila mpangilio. Ndiyo maana unakuta mtu anaimba "You're My Best Friend" mwanzo hadi mwisho na hajui imetoka albamu gani (ni ya 1975, yenye jina hilohilo). Leo naomba mikusanyo tuiweke kando. Chagua albamu moja ya studio, uitetee.

Mimi nasimama na *Expressions* ya 1978. "Tulsa Time", "Lay Down Beside Me" na "It Must Be Love" zote zimo humo, na mwaka huohuo CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, kikamtangaza mwimbaji bora wa kiume. "Tulsa Time" iliandikwa na Danny Flowers, mpiga gita wa bendi yake mwenyewe, walipokwama hotelini mjini Tulsa kwa sababu ya theluji. Ina chord mbili tu za gita. Eric Clapton, mpiga gita wa roki wa Uingereza, naye aliirekodi mwaka uleule. Sikiliza zote mbili siku moja: Clapton anausukuma wimbo, Don anauacha utembee wenyewe, na bado mguu wako unagonga sakafu. Hakuna albamu yake nyingine yenye uchangamfu na utulivu vimekaa pamoja namna hii.

Binti wa Kinangop

Shikamoo mzee. *Expressions* ni nzuri, sipingi, ila nyimbo tatu hazifanyi albamu. Mimi nasema *I Believe in You*, 1980. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya CMA ya albamu bora, na wimbo wenye jina hilo ulivuka mpaka wa kantri ukafika nambari 24 kwenye chati kuu ya Marekani, ambako hakuwa mgeni wa mara kwa mara.

Huku kwetu Nyandarua wimbo huo haukosekani harusini. Lakini ukiusikiliza kwa makini si wimbo wa mapenzi peke yake. Ni mtu anahesabu vitu asivyoviamini, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ileile isiyopanda, halafu anageuka na kutaja vichache anavyoviamini. Mwimbaji mwingine angepiga kelele pale anapogeuka. Yeye anashuka chini zaidi. Nikimsikia pale huwa naacha ninachofanya.

Mpiga Gita

Heshima kwenu wote. Mnataja albamu za wakati tayari ni nyota. Mimi nawarudisha mwanzo: *Volume One*, 1973, iliyotoka JMI, kampuni ndogo ya rekodi ya Jack Clement pale Nashville, kitovu cha muziki wa kantri Marekani. Don alikuwa ametoka kwenye kundi la Pozo-Seco Singers, watu wa nyimbo za gita kavu za miaka ya 60, na alifika kwa Clement kama mtunzi. Hakuwa anatafutwa kama mwimbaji.

Hiyo historia inasikika. Mtayarishaji Allen Reynolds hakumwekea vinanda vya kupamba wala kundi kubwa la waitikiaji. Nashville ya wakati ule ilipenda kumwaga fidla nyingi juu ya kila wimbo. Hapa kuna gita, besi, ngoma inayoguswa tu, na sauti nzito mbele kabisa ya kipaza sauti. Humo kuna "Amanda" ya mtunzi Bob McDill, na "I Recall a Gypsy Woman" ambayo McDill aliiandika pamoja na Reynolds huyohuyo. "Amanda" ilitoka upande wa pili wa "Come Early Morning", yaani hata wenyewe hawakuipa kipaumbele. Mwimbaji mwenzake wa kantri Waylon Jennings akaja kuifikisha nambari moja mwaka 1979. Waylon ni mkubwa, lakini ya Don ndiyo inayouma.

Kwa anayejifunza gita, hii ndiyo albamu ya kuanza nayo. Nafasi kati ya ala ni kubwa, unasikia kila kidole kinafanya nini.

Fundi Redio

Mpiga Gita kaongea vizuri mno kuhusu nafasi kati ya ala. Mimi kura yangu ni *Harmony*, 1976. "Till the Rivers All Run Dry" na "Say It Again" zote zilifika nambari moja kwenye chati ya kantri, "She Never Knew Me" ikaishia ya pili. Ule wa kwanza Don aliuandika mwenyewe akishirikiana na Wayland Holyfield, na mwaka uliofuata Pete Townshend na Ronnie Lane, watu wa roki ya Uingereza, wakaurekodi. Uingereza walimpenda mapema: "I Recall a Gypsy Woman" iliingia ishirini bora zao mwaka huohuo wa 1976.

Kiprono wa Bonde

Mzee, sheria yako ya studio inatunyima kitu. Mwaka 1997 Don alikwenda Harare akarekodi onyesho la *Into Africa*. Kwa sisi Waafrika hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba anajua tupo. Unaona umati wa Wazimbabwe unaimba naye neno kwa neno, naye amekaa na kofia yake, hana papara. Wasanii wangapi wa Nashville wa kizazi chake walikuja kurekodi onyesho zima barani kwetu? Mimi hiyo naiweka juu ya zote, hata kama kura haihesabiwi.

Mzee wa Kaseti

Kiprono, kama onyesho halina mfano. Ila humo anaimba nyimbo za miaka ileile tunayoibishania, kwa hiyo bado nakudai jibu: kati ya alizozichota, albamu gani imekugusa?

Kiprono wa Bonde

Basi *Especially for You*, 1981, kwa ajili ya "Lord, I Hope This Day Is Good". Mama yangu alikuwa akiwasha redio asubuhi kabla ya kukamua, na wimbo huo ukipigwa alikuwa anaongeza sauti. Anayeomba humo haombi utajiri, anaomba siku iende vizuri. Mkulima yeyote anaelewa.

Neema_Arusha

Jamani, mmesahau uzeeni. Alistaafu 2006, akarudi 2010, mwaka ambao aliingizwa kwenye Country Music Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa kantri, na 2012 akatoa *And So It Goes*. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Wanamuziki wenzake wa kantri wamo: Alison Krauss yumo, Keith Urban yumo, Vince Gill yumo, na hakuna anayemfunika. Sauti imekwaruzika kidogo pembeni, lakini hajaongeza hata chembe ya madoido kuficha umri. Nyinyi mnaopenda ukavu wa *Volume One* mtaipenda hii.

Mpiga Gita

Neema, hapo umenena. Zipige hizo mbili mfululizo, 1973 na 2012, utaona mtu hakubadilisha namna ya kuimba kwa karibu miaka 40. Nyimbo 17 alizifikisha nambari moja katikati hapo na hakuwahi kuinua sauti.

Binti wa Kinangop

Na *Portrait* ya 1979? "Good Ole Boys Like Me" nadhani ndiyo wimbo ulioandikwa vizuri kuliko yote aliyowahi kuimba. McDill tena. Mtoto wa Kusini mwa Marekani, baba mlevi mwenye Biblia, redio usiku karibu na kitanda, Hank Williams mwimbaji wa kantri na Tennessee Williams mwandishi wa tamthilia wanatajwa pumzi moja. Sijawahi kufika huko, lakini huyo mtoto namjua.

Mzee wa Kaseti

Binti, kwa wimbo mmoja mmoja nakupa huo. Kwa albamu nzima bado sihami *Expressions*.

Juma wa Tanga

Habari za jioni wakuu, nimeingia kuchelewa. "Some Broken Hearts Never Mend" iko kwenye ipi? Naitafuta albamu yake nzima, siyo mkusanyo.

Fundi Redio

*Visions*, 1977. Mwaka huohuo alitoa pia *Country Boy*, kwa hiyo angalia jalada usije ukapewa nyingine. Ukishaisikiliza yote rudi utuambie inaingia kwenye orodha au la.