Tupeane uzoefu: kuandika historia ya klabu ya hurling na kandanda ya Kigaelic

Kalamu Kavu: Wakuu, uzi huu ni wa wanaosaidia kukusanya historia ya klabu za parokia kule Ayalandi, zinazocheza hurling (mpira wa magongo) na kandanda ya Kigaelic (mpira wa mikono na miguu). Kwamba GAA, chama cha michezo hiyo, ilianzishwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884 tunajua wote. Leteni mbinu: picha isiyo na tarehe unaipaje mwaka, matokeo ya zamani unayasomaje, nani ni nani kwenye orodha.

Mpiga Chapa: Nianze na picha. Hesabu waliovaa jezi kabla hujatazama nyuso. Mwanzoni timu ilikuwa na wachezaji 21, ikashuka hadi 17 mwaka 1892, kisha 15 kuanzia 1913. Idadi peke yake haitoshi, maana wachezaji wa akiba hujipenyeza na aliyechelewa hayumo. Kwa hiyo tafuta goli nyuma yao. Zamani kulikuwa na nguzo mbili za ziada, moja kila upande wa goli, kwa ajili ya pointi (alama ndogo kuliko goli). Ziliondolewa 1910, ikabaki milingoti ya umbo la H. Watu wazima vichwa wazi katika mechi rasmi ya hurling? Ni kabla ya 2010, helmeti ilipolazimishwa kwa wote. Ila kuiona helmeti hakuthibitishi kwamba picha ni mpya; wapo waliozivaa miaka mingi kabla.

Mwana Hesabu: Nyongeza kuhusu matokeo, hapa ndipo vitabu vingi huharibika. Gazeti likiandika 1-0 dhidi ya 0-4, namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Nani kashinda? Angalia mwaka. Mwanzoni goli moja lilizidi pointi zozote, basi mwenye goli kashinda. Kuanzia 1892 goli lilikuwa sawa na pointi 5: bado kashinda, 5 kwa 4. Kuanzia 1896 goli ni pointi 3, hapo kafungwa. Yaache matokeo yalivyochapwa, taja pembeni kanuni ya mwaka huo.

Pia, mwaka wa ubingwa si lazima uwe mwaka wa mechi. Fainali ya kwanza ya Ayalandi nzima ya hurling ni ya 1887, lakini ilichezwa Birr tarehe 1 Aprili 1888. Andika yote mawili. Tipperary iliwakilishwa na Thurles, Galway na Meelick, kwa sababu enzi hizo klabu ndiyo iliyobeba jina la kaunti.

Swali Dogo: Na mwaka ulioshonwa kwenye nembo, tuuamini?

Mwana Hesabu: Nusu nusu. Mgawanyiko juu ya Parnell, kiongozi wa kisiasa wa Ayalandi, mwishoni mwa 1890 uliua klabu nyingi, na parokia ileile inaweza kuibuka baadaye kwa jina jingine. Tengeneza jedwali la mwaka mmoja mmoja: jina la klabu, mjumbe wake kwenye bodi ya kaunti, mashindano iliyoingia. Usiokuwa na ushahidi uuache mtupu. Kishawishi cha kuujaza ni kikubwa, hasa kamati ikitaka kusherehekea miaka 100.

Mama Kumbukumbu: Majina sasa. Sensa za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure, kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Tafuta kwa kitongoji, si kwa jina la ukoo tu, la sivyo utazama kwenye akina Murphy. John Murphy wa sensa anaweza kuwa Seán Ó Murchú, jina lilelile kwa Kiayalandi, wa daftari la mihtasari ya klabu. Usimhesabu mara mbili. Umri wa wazee mwaka 1911 utilie shaka: pensheni kwa wenye miaka 70 ilianza Januari 1909, wengi "wakazeeka" ghafla. Jina lisilopatikana popote huenda ni la bandia. Mapadri walicheza hivyo, na hadi 1971 mwanachama wa GAA aliyekamatwa akicheza soka au raga alifungiwa, kwa hiyo huko nako walijificha.

Camogie, yaani hurling ya wanawake, iliyoanza 1904, ina chama chake na kumbukumbu zake. Hutaikuta kwenye daftari la wanaume, omba mapema.