Aiptasia kwenye tangi la matumbawe: chokaa, kamba au nitupe jiwe?

FuruWaBwiru
Mwangaluka wakuu. Mwezi uliopita rafiki yangu wa Dar alinitumia vipande vitatu vya matumbawe anayofuga mwenyewe. Vimelala ndani ya basi usiku kucha na vikafika hai. Tangi langu lina lita 120. Sasa kwenye kijiwe kilichobandikwa kipande kimoja kimeota kiua cha kahawia, mikono yake mirefu kama ndevu za kambale. Nikakikwangua kwa kisu. Wiki mbili baadaye nahesabu kumi na moja! Naambiwa ni aiptasia, aina ya anemoni, yaani mnyama wa baharini mwenye umbo la ua. Njia nilizosikia ni nne: chokaa kwa bomba la sindano, kamba wanaoila, mrututu, na kuchemsha jiwe. Ipi ina unafuu kwa sisi ambao bahari tunaiona kwenye picha?

ChumviMbili
Kisu ndicho kilichokuponza, mkuu. Ukiikata, kinyama kidogo kinachobaki jiweni huota anemoni nyingine.

Mrututu usiuguse. Ni chumvi ya shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe, halafu inajificha ndani ya mawe. Utabadilisha maji mpaka uchoke, bado inatoka kidogo kidogo.

Kuchemsha ndiyo kabisa usithubutu. Kati ya hivyo vipande vitatu, kuna vile vya vitufe vya rangi, zoa? Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno, na watu wameshalazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa jiwe walilolichemsha jikoni.

FuruWaBwiru
Kimoja ni zoa. Sufuria ilikuwa tayari mezani.

DadaNyegezi
Mungu mkubwa. Rudisha sufuria kabatini, kaka.

Mimi nimejaribu chokaa na kamba, vyote viwili. Kamba wa Lysmata walikula vile vidogo, vikubwa wakaviacha, kisha wakahamia kuwaibia matumbawe chakula mdomoni. Na kuwa makini unaponunua: kuna kamba mwingine mwenye nundu mgongoni anayefanana nao, huyo anadonoa matumbawe. Wale konokono wasio na gamba, Berghia, hawali kitu kingine ila aiptasia, lakini zikiisha wanakufa njaa, na kuwapata huku ni ndoto.

Kwangu chokaa imeshinda. Ikoroge na maji kidogo iwe uji mzito, zima pampu, ipake taratibu juu ya mdomo wa anemoni mpaka ifunikwe. Ukiishtua inajivuta ndani ya tundu na umeikosa. Usizidishe tatu au nne kwa siku, pH inapanda haraka kwenye tangi dogo. Wala usichukue chokaa ya kupaka ukuta, ina mambo yake. Tafuta safi ya maabara.

MchuuziMwaloni
Swali la mjinga: viumbe vya chumvi si ungevichovya tu ziwani? Maji baridi tunayo bure.

ChumviMbili
Si la kijinga. Maji yasiyo na chumvi kweli huangusha baadhi ya minyoo bapa, wasumbufu wengine wa matumbawe, na zoa huvumilia dakika chache. Matumbawe magumu mengi hayavumilii, na mayai ya minyoo yanabaki. Ila ya ziwani hapana, yachujwe kwanza. Wewe mwenyewe unajua kichocho cha huko mwaloni.

Na hapo kwenye mayai ndipo wengi wanapopigwa. Yupo mnyoo bapa anayekula Akropora, aina ya tumbawe gumu, alipewa jina la kisayansi mwaka 2011: *Amakusaplana acroporae*. Kuchovya kwenye iodini kunamwangusha, mayai yake hayajali. Anayataga kwenye mfupa mtupu, chini kabisa, karibu na kijiwe. Kwa hiyo kata tumbawe juu ya sehemu iliyokufa, libandike kwenye kijiwe kipya, kijiwe cha zamani tupa. Kisha karantini wiki sita, na uchovye tena kila wiki, mayai yakianguliwa uwakute wangali wadogo.

DadaNyegezi
Wiki sita kwa umeme wetu huu? Ndoo ya karantini inapoa mara moja hita ikizimika. Weka angalau pampu ya hewa ya betri. Mimi nilipoteza vipande viwili usiku mmoja, na mdudu hata hakuhusika.

FuruWaBwiru
Nimekata viwili, vijiwe vyake viko jalalani. Cha zoa sijakigusa mpaka nipate glovu na miwani. Kwa mawe makubwa naanza chokaa kesho, nne nne. Dada, bomba lako ni la cc ngapi?

DadaNyegezi
Cc 5. Sindano yenyewe ing'oe, chomeka kipande cha mrija wa dripu ili ufike nyuma ya jiwe. Na pampu, kaka. Zima pampu kwanza.