Shule inasema "Kiingereza kitakuja tu": nifanyeje mwanangu apimwe?

Mama, Louisville, Kentucky

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Kijana wangu yuko darasa la tatu. Alianzia shule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa Kifaransa, kisha tukaja huku Marekani. Hatulii kwenye kiti, herufi zinampotea, ukimtuma mambo mawili hushika moja. Kila nikiuliza naambiwa lugha bado, nivute subira. Nyumbani mama mkwe anasema nimemdekeza, achapwe. Nianzie wapi?

Jibu: Columbus, Ohio

Pole sana dada. Mimi ni mkalimani wa vikao vya shule na habari kama yako naikuta mara kwa mara.

Tafadhali asichapwe. Mtoto mwenye ADHD (shida ya kutulia na kuweka akili pamoja), disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) au usonji (autism) ana ubongo unaopokea na kupanga mambo kwa namna yake. Fimbo haiugusi huo ubongo, inamfanya aogope shule na nyumbani pia.

Mtazame kwanza kwenye Kiswahili. Mwambie akusimulie hadithi aliyopewa na bibi yake. Mtume vitu viwili jikoni. Mwangalie akicheza na watoto wanaoongea lugha yake. Akipotea hata hapo, basi Kiingereza peke yake hakitoshi kueleza shida, na hilo ndilo la kuwaambia shuleni. Andika mifano pamoja na tarehe zake. Sheria ya elimu maalum, IDEA, inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza au hakuwahi kufundishwa kusoma ipasavyo. Ni kinga nzuri, hasa kwa watoto wetu waliotoka makambini. Ila haisemi popote kwamba mtoto angoje mpaka lugha ikomae, na inataka apimwe kwa lugha yake kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo taja Kiswahili kwenye ombi lako.

Halafu acha kuuliza kwa mdomo. Mwandikie mwalimu mkuu na ofisi ya elimu maalum: "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum." Tunza nakala. Huhitaji cheti cha daktari kwanza, na hulipi chochote. Wakikubali watakupa fomu ya ridhaa, na tangu uisaini wana siku 60 za kumpima, isipokuwa kama jimbo limejiwekea muda wake. Mengine huhesabu siku za shule tu. Wakikataa, lazima wakupe sababu kwa maandishi.

Wazazi wengi huogopa kwamba wakisaini, mtoto atatengwa kwenye chumba cha peke yake. Ridhaa ya kupimwa ni moja, ya kuanza huduma ni nyingine, nayo unaweza kuikataa. Na sheria inataka asome na wenzake kwa kadiri yote inayowezekana.

Jibu: Dallas, Texas

Naongezea, mama. Binti yangu ana usonji na yuko shule ya umma.

Kwenye kikao cha kupanga IEP, yaani mpango wa maandishi wa elimu maalum ya mtoto wako, shule ndiyo inayoleta mkalimani, na ni bure. Usikubali dada yake mtoto apewe kazi hiyo. Msichana mdogo hapaswi kubeba maneno mazito kuhusu mdogo wake mbele ya watu wazima.

IEP isomeke kama mkataba: nani atamfundisha, mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi. "Atasaidiwa inapohitajika" haimbani mtu yeyote, ikatae. Ya binti yangu inataja ratiba ya siku kwa picha, hedifoni za kuzuia kelele, na ruhusa ya kutoka darasani kabla hajazidiwa. Hiyo ruhusa ya kutoka ndiyo iliyomwokoa.

Wakisema hafikii kiwango cha IEP, uliza mpango wa 504, wa kumrekebishia mambo darasani mtoto mwenye ulemavu, unaotokana na sheria ya mwaka 1973 inayokataza ubaguzi dhidi ya walemavu. Huko anaweza kupata muda zaidi kwenye mtihani, kiti cha mbele, na maelekezo yaliyoandikwa.

Jambo la mwisho, na wazazi wachache wanalijua. Shule ikitaka kumsimamisha mtoto mwenye IEP kwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, lazima kikao kikae kuamua kama tabia ile inatokana na hali yake. Kinga hiyo humfikia hata ambaye hajapimwa, ikiwa mzazi alikwisha kuomba tathmini kabla ya tukio. Kwa mtoto asiyetulia, usichelewe kutuma barua.

Mama, Louisville

Mungu awabariki. Nimetuma leo asubuhi. Je, wakiniwekea karatasi za Kiingereza tupu mezani?

Jibu: Columbus, Ohio

Usisaini hapo hapo. Sema unazipeleka nyumbani, na uombe mkalimani akusomee ukurasa kwa ukurasa. Kila jimbo lina kituo cha wazazi kinachofadhiliwa na serikali kuu. Cha kwenu Kentucky kinaitwa KY-SPIN. Wapigie kabla ya kikao. Mama mkwe naye mwalike siku hiyo, asikie mwenyewe, na aulize maswali yake yote kwa Kiswahili.